Uzi Mwekundu wa Bwana Shamba

Bwana Shamba hakula kitu kijijini kwetu. Miaka yote aliyokuwa akija kutukagulia mihogo hakukubali hata kata ya maji. Alikuja na chupa yake ya chai na mkate wa mofa uliofungwa kitambaa cheupe, akakaa juu ya jiwe peke yake, akala, akakung'uta makombo, akanyanyuka. Wanawake walisema ana majivuno. Mie nilimtetea, kwa sababu alikwisha nieleza mwenyewe: ukila muhogo wa mtu leo, kesho huwezi kumwambia aung'oe. Nikaona huyu ndiye mtu mwenye msimamo, na neno lake hilo nikawa nalirudia kila nikipata nafasi, mpaka khalati yangu akaniambia nilipumzishe.

Sasa najua kuwa ilikuwapo nyumba moja aliyokuwa akila. Nitafika huko.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni mwana wa nani. Jamaa zake wapo mjini, watasema wenyewe wakitaka. Jina lake pia sitalitaja, maana hata sisi hatukulitumia. Kwetu alikuwa Bwana Shamba basi, na watoto walipomwona anateremka garini walikimbia kutangaza kana kwamba kuna mauti. Wala mtu asingoje maneno ya upole kutoka kwangu. Mtu huyu alinifundisha kazi, akaniamini, akanifanya nimchongee khalati yangu, dada wa mama, aliyenilea tangu mama alipofariki. Halafu akaniacha nibebe peke yangu jambo lililokuwa lake. Nna hasira naye mpaka leo, na sioni haya kusema.

Alikuwa mrefu, mwembamba, wa kaptula ya kaki na soksi ndefu, na kofia ya viua iliyofuliwa mpaka imekuwa laini. Mfuko wa kushoto alitia kisu cha kukunja. Mfuko wa kulia alitia kichupa cha spiriti na pamba. Kila akikata kitu alifuta kisu, akikata kingine akafuta tena, na mazoea hayo yalimwingia hata akawa anafuta kisu kabla ya kumenya chungwa. Huku mtu mwenyewe akitafuna tambuu na kutema popote, hata juu ya jembe la mwenzake. Nilimwambia siku moja kuwa usafi wake unaishia mkononi. Akacheka sana, akatema tena.

Ajabu yake nyingine ni kuona haya. Mtu aliyechoma mashamba ya watu, aliyesimamisha magari njiani na kupekua makapu, hakuweza kumtazama mwanamke usoni. Alisema nasi kwa ubavu, macho kwenye mihogo. Na mihogo kwetu ni kazi ya wanawake. Mwanamume mgeni hawezi kujitoma shambani ambako wanawake wamejifunga kanga vifuani wanalima peke yao, na yeye zaidi ya wote hakuweza. Ndipo sheha wetu alipomwambia yupo kijana mmoja wa kike, kaachika karibuni, amekaa kwa khalati yake, anajua kusoma na miguu yake myepesi. Ndiyo mie. Kazi yangu ikawa kutangulia. Nnapiga hodi, wanawake wanajisitiri, kisha nnamwita apite. Na asipokuwapo, mie ndiye nikae macho.

Kijiji chetu kipo ndani kidogo kutoka Kiwengwa, ardhi ya mawe, udongo umejificha kwenye mashimo. Mpunga hautaki, ndizi zinasuasua. Muhogo ndio chakula. Ukifa muhogo, watu wanashinda na chai ya mkandaa, kavu bila ya maziwa. Kwa hiyo aliposema amekuja kuuokoa, mie sikuhitaji kubembelezwa.

Alinifundisha kusoma jani. Jani lenye batobato, ndio ugonjwa wa kwanza, lina mabaka ya manjano na limejikunja kama nguo iliyokamuliwa ikaachwa. Ukiligeuza chini utaona vidudu vyeupe, ukilitikisa vinaruka kama unga. "Hawa matarishi," alisema, "wanapeleka ugonjwa shamba la pili. Lakini tarishi mkubwa ni binadamu." Kidudu kinafika kwa jirani, alisema, ila mwanamke mmoja na fungu lake la vijiti vya mbegu anautoa ugonjwa Paje asubuhi, na adhuhuri ushafika Nungwi.

Akanifundisha na ugonjwa wa pili, ule alioogopa zaidi. Huo jani lake linadanganya. Mti umesimama mzuri, unausifu, na chini muhogo umeoza: ukiupasua, ndani kuna madoa ya kahawia, makavu kama kutu. Ukichukua vijiti vya mti ule ukavipanda, umepanda kutu. Kwa hiyo hakuna kuchukua mbegu mpaka muhogo wa mti ule upasuliwe watu waone ndani. Mtu akianza kumweleza kuwa wake ni mzima, wa siku zote, wa bibi yake, alimkatiza: "Usinihadithie, nipasulie." Neno hilo likaenea kijijini kuliko yeye mwenyewe. Muuza tikiti maji aliambiwa hivyo. Sheha alipochelewa mkutano akalalamika tumbo, Bwana Shamba alimwambia vilevile, na sheha kwa wiki nzima hakumwamkia.

Amri yake nyingine iliwaudhi watu zaidi. Njoo mikono mitupu, ondoka mikono mitupu. Hiyo kwetu ni matusi. Mgeni hatoki hivi hivi. Utamtilia chochote kilichopo, na vijiti vya muhogo ndivyo vilivyopo siku zote; hata bi harusi, katika vyombo vyake, huwekewa vijiti vya shamba la mama yake akaanze navyo kwa mume. Niliwahi kumwona Bwana Shamba akisimamisha msafara wa harusi barabarani. Wanawake walimtukana matusi ya nguoni, bi harusi akilia ndani ya buibui, na yeye amegeuza uso anaangalia minazi kwa haya. Lakini mkono aliunyoosha, vijiti akavichukua, akavichoma palepale. Nilikuwa nimesimama karibu yake na nilijiona mkubwa. Nnakumbuka niliona fahari, na fahari hiyo ndiyo inayoniuma sasa.

Khalati yangu alikuwa na muhogo tuliouita wa Paje, kwa sababu bibi alikuja nao alipoolewa kutoka Paje. Muhogo mfupi, ngozi nyekundu, ukiuteleka kabla ya kusali ukirudi umeiva, laini kama keki. Mbegu ile khalati aliishika tangu bibi yupo hai na hakumwachia mtu mwingine aikate. Mwaka batobato ilipozidi, Bwana Shamba aliamuru kijiji kizima king'oe na kuchoma mihogo yote, mizima na migonjwa, halafu ofisi itagawa mbegu safi. Kila fungu la ofisi lilifungwa uzi mwekundu. Chenye uzi mwekundu kinapandwa, kisicho nao ni haramu, hasa kitokacho Chwaka, maana Chwaka kulikuwa na ule ugonjwa wa kutu na kulifungwa kabisa. Kijiti cha Chwaka kisiingie kwetu hata kimoja.

Tuling'oa. Watu walilia kweli, si utani. Mawingu ya moshi yalikuwa kila upande siku tatu. Khalati alichoma naye, macho makavu, nami nikamsifu kwa utii wake. Mvua za masika zilipoanza yakaja mafungu ya uzi mwekundu, tukapanda. Baada ya muda nikagundua kuwa nyuma ya choo chetu cha makuti, kwenye kishimo kati ya migomba, muhogo wa Paje umesimama. Khalati alikuwa amevificha vijiti chini ya jamvi muda wote ule. Nikamuuliza. Akaniambia aliupasua kwanza, kila mti, kama Bwana alivyofundisha, na ulikuwa mweupe. Basi kosa liko wapi? Nikanyamaza. Nilinyamaza karibu mwaka.

Tulipoanza kuchimba ndipo balaa lilipotoka. Mihogo ya uzi mwekundu, mikubwa, imejaa, ukipasua ndani kutu. Si shamba moja. Chungu baada ya chungu kilimwagwa. Watu walikula majani ya mwituni, wakagombania mafenesi mabichi, na watoto wa jirani yetu walikuwa wakija kwetu saa ya chakula wakikaa tu, hawaombi. Bwana Shamba alikuja uso umemparama. Alizunguka mashamba yote hasemi. Mwisho akaniita kando, akaniuliza kama kuna mtu yeyote aliyepanda kisicho na uzi.

Ningeweza kusema hapana. Lakini nilikuwa nimeona watoto wale. Na nilimwamini kuwa kama ugonjwa una chanzo, yeye atakijua. Nikamuuliza atamfanya nini mtu huyo. Akasema, macho kwenye mihogo, "Nitamwonya tu, mwanangu. Litabaki baina yetu." Nikamwambia.

Asubuhi yake alikuja na sheha na nusu ya kijiji. Akataja jina la khalati mbele za watu. Akasema ugonjwa umetoka nyuma ya choo kile, umevamia mbegu safi, na watu wakae wakijua nani amewatia njaa. Khalati alitoka na kanga yake kichwani akasimama mbele ya migomba. Hakuniangalia. Alimwambia yeye, kwa sauti ya kawaida, "Pasua mmoja, Bwana. Mmoja tu, watu waone."

Bwana Shamba alikuwa na kisu mkononi. Nilikiona. Alikikunja, akakitia mfukoni, akasema amri haina haja ya kupasuliwa. Vijana wakang'oa, wakarundika, wakamwagia mafuta ya taa. Hakuna muhogo hata mmoja uliokatwa. Mtu aliyepasua muhogo wa maskini na wa sheha, aliyefuta kisu kwa chungwa, siku ile hakupasua. Nililiona, na nikajipa jibu mwenyewe: amekasirika, amechoka. Mtu unayemwamini unamtafutia sababu hata kabla hajaomba.

Khalati hakunipigia kelele. Jioni ile alinitilia chakula changu peke yangu, akala chake chumbani. Kijijini hakuitwa tena kwenye shughuli. Wanawake waliokuwa wakimwita apike pilau za harusi walipita mlangoni kwetu hawabishi hodi. Mwezi haukwisha akafunga jamvi lake na sufuria mbili akarudi kwa watu wa mama yake, Paje. Nikamfuata mara tatu. Nilipokewa vizuri, salamu, habari za nyumbani, lakini chakula nilichompelekea alikiweka kando, na nilipoondoka nilikikuta kwa kuku. Hakula tena kitu kilichotoka mkononi mwangu. Ndicho kilichokuwa kinanila mie, kuliko njaa ile.

Lakini kazi niliendelea nayo mpaka Bwana Shamba alipostaafu. Ndiyo niliyoona inabaki: kama nimempoteza khalati kwa ajili ya sheria, basi sheria iwe ya kweli.

Mwaka wa tatu baada ya hapo nilikuwa mjini kununua vitu vya harusi ya jirani, nikaona si vizuri nisimpitie. Alikaa mtaa wa Malindi, ghorofa ya juu ya nyumba ya ngazi nyembamba, unapanda umeshika kamba. Nilimkuta kibarazani juu na msuli na fulana, amezeeka haraka. "Shikamoo, Bwana Shamba." "Marahaba, mwanangu." Akafurahi kuniona, hilo sitamnyima. Mkewe, mwanamke mnene mcheshi ambaye sijapata kumwona kabla, akasema sitoki bila kula, akaleta sinia ya muhogo wa nazi na kipande cha papa.

Bwana Shamba akatoa kisu chake kilekile. Akavuta kipande cha muhogo, akakigeuza, akachokoa doa la kahawia akaliweka ukingoni mwa sinia. Akachokoa la pili, la tatu. Kisha akaula, taratibu, kama mtu aliyezoea. Vipande vilivyosalimika akavisogeza upande wangu. Nilikuwa nnatazama yale madoa. Nilifundishwa na yeye kuyajua.

Nikamsifu mke kwa nazi yake nikamuuliza muhogo umetoka wapi.

"Wa mama huo, wa Chwaka," akasema. "Siku hizi haufai, nusu unatupa. Lakini mama ukikataa chake analia. Mwaka ule wa kugawa mbegu si ndiye aliyemjazia mume wangu gari? Ofisini zilipungua, mama akamwambia chukua mwanangu, mie nnazo. Vijiti alivifunga mwenyewe usiku kucha, mikono ikamvimba." Akaniangalia akicheka, akaenda jikoni kutazama chai.

Tulibaki wawili. Bwana Shamba alifuta kisu kwa pembe ya msuli.

"Zile za kwetu?" nikamuuliza.

Akaanza kusema habari za mvua za mwaka ule, na gari lililoharibika, na bwana mkubwa wa ofisini. Nikamkatiza. "Usinihadithie, Bwana Shamba. Nipasulie."

Aliinamisha kichwa. Akasema mafungu yalipungua na kijiji chetu kilikuwa cha mwisho katika orodha. Alipita Chwaka kumwamkia mkwewe, nyumba aliyokuwa akila siku zote, akamkuta amekaa mlangoni na vijiti vimeshafungwa, anamngoja. Jani lake lilikuwa zuri. Kumpasulia mkwe muhogo wake mbele ya uso wake hakuweza, kumrudishia hakuweza, kuvitupa njiani, pengine mtu akamwona akamfikishia, pia hakuweza. Uzi mwekundu alikuwa nao mfukoni. Alifunga mwenyewe, garini.

Mtu huyu alimpokonya bi harusi vijiti vyake barabarani. Nikamwambia hivyo. Akasema bi harusi yule hakuwa mkwewe.

"Na wa khalati yangu, mbona hukupasua?"

Nikasikia mkewe akikoroga chai huko ndani. Kisha akasema polepole, "Nilijua utakuwa mweupe."

Sikulia pale. Nilimwomba kitu kimoja tu: afuatane nami Paje, aseme maneno hayo mbele ya khalati, kisha arudi zake. Sikutaka mkutano wala sheha. Akatikisa kichwa. Mama mkwe yu hai, akasema. Neno likitoka litafika Chwaka, watakwenda kumng'olea shamba, naye atajua limetoka kwa nani. Nikafahamu kumbe shamba lile halijaguswa. Miaka yote tunachoma ya wengine, lile limesimama. Akaniomba na mie nilifiche. Aliniomba kwa heshima, mara ya kwanza akanitazama usoni.

Nikanyanyuka. Mkewe alinikimbilia kwenye ngazi na pakacha limejaa, muhogo juu, na chini yake fungu la vijiti, kwa kuwa amesikia mie ni mkulima. Akasema siwezi kutoka hivi hivi. Nilimhurumia, hakuwa na kosa lolote. Nikamwambia, kwa sauti ya kumfikia na mumewe kibarazani, kuwa Bwana Shamba alitufundisha kuja mikono mitupu na kuondoka mikono mitupu. Nikamwachia pakacha mkononi. Sijapata kumvunjia mtu heshima namna ile nyumbani kwake. Nikashika kamba, nikashuka.

Sikurudi kununua vitu vya harusi. Nilipanda gari la abiria la shamba nikaenda Paje. Khalati alikuwa uani anasuka ukili, na nyuma yake, kando ya ukuta wa mawe, ulikuwapo muhogo mfupi wa majani safi. Ameupata tena kwa watu wake. Nikakaa, nikamweleza yote, sikuacha kitu: uzi, mkwe, gari, sinia ya muhogo, na lile neno la mwisho. Aliendelea kusuka. Alipofika mwisho wa mshipi akaukata kwa meno, akaniuliza tu kama ni kweli alisema alijua utakuwa mweupe. Nikasema ndiyo, kwa kinywa chake.

"Basi sawa," akasema. Akanimiminia chai, akaiweka mbele yangu. Kisha akachukua ukili mwingine.

"Yeye alimstahi mkwewe," akasema. "Wewe ulimstahi nani?"

Nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Hakunifukuza, na hakuniambia ninywe.